Sare ya Sita

Mtu wa kwanza kuondoka Jumamosi hiyo aliondoka kabla soda yake haijafika nusu. Aliiweka chupa chini taratibu, kama mtu anayetoka kanisani katikati ya mahubiri, akainamisha kichwa, akajipenyeza mlangoni na kupotelea kwenye mvua. Lukasi alimwona. Haikuwa kazi yake kutazama mlango, ila kwa majuma matatu sasa macho yake yalikuwa yakienda huko yenyewe, bila kuomba ruhusa.

Kazi yake ilikuwa dirisha. Lilikuwa dirisha dogo lenye nondo mbili, kati ya ofisi ya karani na ghala kubwa la ushirika, na alilijua kuliko alivyokijua kitanda chake. Miaka kumi na mitano alikaa upande wa ndani wa dirisha hilo, karani wa mizani, akiita majina ya wakulima wa kahawa kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. Watu wa Nkunga, Suma na Kisiba walikuwa wakimtania kwamba hata marehemu wangeitika akiwaita. Kisha ikaja biashara huria. Wanunuzi binafsi wakapanda milima na malori yao, wakawafuata wakulima majumbani, na ushirika ukafa kimya kimya, hata matanga haukuwekewa. Kufikia mwaka wa tisini na tano ghala lilikuwa limebaki na harufu ya magunia, na Lukasi amebaki na migomba nyuma ya nyumba na kipande cha chai ambacho mkewe alikichuma asubuhi moja kikaisha.

Mkewe, Veronika, hakulalamikia umaskini. Alilalamikia ukimya. “Ng'ombe akiona njaa walau analia,” alimwambia siku moja akimpakulia ndizi. “Wewe hata kulia hulii.” Lukasi alikula akamaliza, akanawa, asijibu kitu. Alikuwa mtu aliyezoea kusikika, na hakuna aliyekuwa akimsikia tena. Hilo ndilo lililokuwa likimla, si jingine.

Aliyemrudisha dirishani alikuwa Ahmad, muuza mitumba na redio aliyelikodi lile ghala. Ahmad alikuwa na macho ya kuona watu wanapopenda kukusanyika, na aliona kwamba kwa miaka ishirini mji mzima wa Tukuyu ulikuwa ukibishana jambo moja: nani mkali wa drafti, Mzee Ambilikile, mkulima wa Nkunga, au Fundi Idrisa, mshonaji ambaye cherehani yake ilikaa barazani karibu na soko? Basi akatangaza pambano. Michezo kumi, Jumamosi kumi, mshindi anachukua bando la bati. Kiingilio ni kununua soda.

Mchezo wa kwanza waliwekwa katikati ya ghala, watu wakiwazunguka. Ilikuwa balaa. Tangu lini drafti ikatazamwa mdomo umefungwa? Katika vijiwe vyote vya Tukuyu mtazamaji hucheza kuliko mchezaji. “Kula hiyo!” “Usile, Mzee, mtego!” “Fundi, umelala?” Kufikia saa tisa Ezron, fundi baiskeli, alikuwa ameshatia kidole juu ya ubao kuonyesha kete ipite wapi. Idrisa akasimama, akavaa kofia yake, akasema yeye alikuja kucheza na mtu mmoja, si na wilaya. Ule mchezo waliumaliza wakiwa wamenuna, ukawa sare.

Ndipo Ahmad alipopata akili mpya. Tangu mchezo wa pili wazee waliwekwa ndani ya ofisi ya karani, mlango ukafungwa. Ukutani, upande wa ghala, pakatundikwa ubao mkubwa uliochorwa miraba, kila mraba na msumari wake, na visoda vilivyotobolewa matundu: vyekundu vya Ambilikile, vyeusi vya Idrisa. Lukasi akawekwa dirishani. Anachungulia ndani, anaona kete iliyosogezwa, anaitundika ukutani, anaitangaza. Watu wakaupigia kelele ukuta kwa kadiri walivyotaka, na wazee wakacheza kwa amani.

Jinsi Lukasi alivyoipenda kazi hiyo, hata yeye aliona haya. Jumamosi alikuwa akiamka kabla ya jogoo. Alinyoa ndevu. Veronika alimsikia bafuni akijaribu sauti, “Mzee Ambilikile anapanda kushoto, wapendwa, anapanda kushoto!” akacheka peke yake jikoni mpaka machozi yakamtoka.

Tatizo lilikuwa sare. Mchezo wa pili sare, wa tatu sare, wa nne sare, wa tano sare. Wazee wale walijuana mno. Kila mmoja aliujua mtego wa mwenzake kabla haujategwa, akauziba, na mwenzake akalijua zibo hilo kabla halijawekwa. Kete zilipungua mbili kwa mbili kwa adabu, mpaka wakabaki kila mmoja na kingi wake, ile kete iliyovuka hadi mwisho wa ubao, wakitazamana kutoka pembe hadi pembe. Kisha Lukasi alikuwa akisikia ndani viti vikisogezwa, na wazee wakitakiana heri.

“Sare ni kitu gani?” Ezron alikuwa akiuliza kwa sauti, ili wote wasikie. “Watu wazima wawili wanakaa mchana kutwa, jioni kila mmoja anarudi nyumbani na chake. Si bora wangebaki tu huko kwao?” Na ng'ambo ya barabara palikuwa pamefunguliwa banda la video lenye jenereta lake. Huko, kwa bei ya soda ileile, alikuwa akifa mtu kila dakika tano. Ghala lililojaa pomoni mchezo wa kwanza lilikuwa na watu wasiozidi arobaini mchezo wa tano.

Asubuhi ya mchezo wa sita Ahmad alimvuta Lukasi kando, karibu na kreti za soda.

“Kaka Lukasi, nisikilize. Mimi sina ugomvi na wazee. Lakini siwezi kukodi ghala ili watu wasinzie. Leo nikiona wametoka tena kama juzi, Jumamosi ijayo naweka video humu. Nimeshaagiza.”

“Na pambano?”

“Watamalizia barazani kwa Fundi. Bati nitawagawia nusu kwa nusu. Si wanapenda nusu kwa nusu?”

“Na mimi?”

Ahmad alimwangalia kwa huruma kidogo, kama anayemwangalia mteja aliyependa koti lisilomtosha. “Video inajitangaza yenyewe, kaka.”

Basi hivyo ndivyo Lukasi alivyosimama dirishani siku hiyo, mvua ya Tukuyu ikiyapiga mabati juu kwa fujo, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, jicho moja ndani na jingine mlangoni. Wa kwanza akatoka. Wa pili akatoka. Wakatoka wanne kwa mpigo, wamejifunika nailoni moja. Ndani, Idrisa alisogeza kete. Lukasi aliiona ikisogea, kisha, macho yakiwa yamesharudi mlangoni, akanyanyua kisoda cheusi, akakitundika, akatangaza, “Fundi anapanda kulia.”

Ghala likapiga yowe.

Alidhani mtu ameumia. Alipogeuka akaona kila mkono umenyooshwa kwenye ubao, na ndipo naye akaona. Alikuwa amekosea msumari. Kisoda cha Idrisa kilikuwa kimekaa mraba ambao Idrisa mwenye akili zake timamu asingeugusa, uso kwa uso na kete nyekundu, wazi, kinangoja kuliwa. Na katika drafti kula si hiari. Ambilikile ingembidi ale, na akila, ngome yake yote ya kushoto ingefunguka.

“Ameitoa!” Ezron alikuwa amepanda juu ya kreti. “Jamani, Fundi ameitoa sadaka! Haki ya Mungu, leo kuna mtu!”

Lukasi alinyoosha mkono akirekebishe. Maneno alikuwa nayo mdomoni tayari: samahani wapendwa, nimekosea msumari. Lakini wale wanne wa nailoni walikuwa wamesimama mlangoni, wamegeuza shingo. Mmoja akarudi ndani. Mwingine akaupigia mluzi upande wa banda la video, na mlangoni pale pakatokea vichwa vingine viwili. Mkono wa Lukasi ukashuka. Alichungulia dirishani, akakaa akichungulia kwa muda unaofaa, akageuka.

“Mzee Ambilikile,” akatangaza, na sauti yake ikajaza ghala kama zamani za magunia, “anakula!”

Kuanzia hapo hakuna kete iliyosogea ukutani ambayo ilisogea ndani. Lukasi hakuwa mchezaji mkubwa, ila miaka ishirini ya kutazama vijiwe ilikuwa imemwachia mitego mingi kichwani, na sasa aliitoa yote bila choyo. Alimpa Idrisa uthubutu wa kijana wa stendi. Alimpa Mzee Ambilikile hasira. Alikuwa akichungulia dirishani na kujishika kifua, akigeuka na kunyamaza kidogo, mpaka mtu alalamike, “Sema basi, Lukasi, utatuua!” Watu waliongezeka mpaka wakaanza kukaa juu ya marobota ya mitumba. Ahmad alikuwa akifungua soda bila kuinua kichwa. Kwenye banda la video, mtu aliyetoka huko alisema, mwenye banda alikuwa amebaki na mkewe.

Alifurahi Lukasi, kusema kweli, alifurahi vibaya. Mara moja tu aliangalia ndani kwa dhati. Aliwaona wazee wameinama mpaka vipaji vya nyuso karibu vigusane, na ubaoni kete chache zimekaa kwa namna asiyoielewa. Hakujua zilifikaje pale. Idrisa alikuwa amevua kofia. Lukasi akageuka haraka, maana watu walikuwa wakimngoja.

Kisha ikabidi amalize. Aliutazama ukuta wake, akaona kwamba njia ya salama ipo, tena fupi. Kete hizi zikilana, na hizi, wanabaki kingi kwa kingi. Sare. Wazee wangetoka na sare yao, wangekuta sare ukutani, na siri ingekufa naye. Alikigusa kisoda ambacho kingeanzisha njia hiyo. Akazitazama nyuso. Alimwona Ezron ameng'ata kofia yake. Alijua nyuso zile zitakuwaje akitamka neno lile kwa mara ya sita, na hakuweza. Roho ilikataa kabisa. Alikiacha kile kisoda, akashika kingine.

“Mzee Ambilikile anakula moja,” alisema polepole. “Anakula ya pili. Anakula ya tatu, wapendwa, na anaingia kingi! Fundi Idrisa hana pa kwenda! Nkunga imeshinda!”

Walichofanya watu hakiandikiki. Chupa ziligongwa, marobota yakaangushwa, na Ezron, ambaye tangu mwanzo alikuwa upande wa Idrisa, alikuwa wa kwanza kuukimbilia mlango wa ofisi ili ambebe mshindi. Hapo ndipo Lukasi alipokumbuka kwamba nyuma ya mlango ule kuna watu.

Mlango ulifunguliwa. Wazee walikuwa wamesimama, wameshikana mikono, hawajaachiana. Machoni mwa Ambilikile mlikuwa na machozi wala hakuyaficha.

“Leo mmetuelewa,” Idrisa alisema. Alikuwa mtu wa maneno machache. “Tulikuwa tukisikia kelele kule ndani, ingawa maneno yalimezwa na mvua. Nikamwambia Mzee, sikiliza, wameiona.”

“Ndaga fijo,” Ambilikile aliwashukuru kwa Kinyakyusa, kisha akarudi kwenye Kiswahili chake kizito. “Asanteni sana, ndugu zangu. Miaka ishirini nacheza na huyu. Nilikuwa naogopa. Kete zangu nilizifungia kama kuku wa kuibwa. Leo mlipopiga kelele nikasema, kumbe watu wanataka nicheze? Basi na nife. Nikatoa kete tatu. Tatu! Zikaliwa zote. Na yeye badala ya kukaa na faida yake, akanitolea zake. Tumetoka sare. Lakini sare hii, mimi, hata wakinizika…”

“Sare gani, Mzee?” Ezron alisema, mikono bado imenyooshwa kumbeba. “Umeshinda. Ona mwenyewe.”

Wazee wakatazama ukutani. Wengine wangechukua muda kuelewa, wao hawakuchukua. Idrisa alitazama, akatazama chini. Ambilikile aliendelea kuusoma ubao mraba kwa mraba, uso ukimshuka kidogo kidogo, mpaka akaumaliza.

“Huu ni mchezo wa nani?” aliuliza.

Mvua ilikuwa imepungua na kila mtu alisikia swali. Lukasi aliona njia tatu nne za kujitetea, zote zikiwa na mvua na baridi na dirisha dogo ndani yake. Lakini yule mzee alikuwa amemgeukia yeye kwa heshima kabisa, kama mkulima anayeuliza uzito wa gunia lake, na Lukasi hakuwahi kumwibia mkulima uzito.

“Wangu,” alisema. “Nilikosea kisoda kimoja cha Fundi. Watu wakafurahi. Sikukirudisha. Kuanzia hapo niliutunga mwenyewe.”

Mtu mmoja akacheka, kisha Ezron akatukana tusi ambalo halikumlenga mtu maalumu. “Yaani nimepiga kelele kwa ajili ya Lukasi?” alisema. “Lukasi asiyejua hata kufunga kona?” Ahmad alikiweka kifungulio cha chupa juu ya kreti.

“Nilikuambia nataka watu,” alisema kwa upole. “Uongo sikukuagiza.”

Watu wakaanza kusogea mlangoni. Lukasi hakuwatazama. Angekuwa na hamu ya jambo lolote wakati ule, ingekuwa ardhi impasukie, pale pale penye mizani. Alikuwa ameanza kuvitungua visoda, kimoja kimoja, alipomsikia Alinanuswe.

Alinanuswe alikuwa mkulima kutoka Suma, ambaye hakukosa Jumamosi hata moja na ambaye, katika michezo yote sita, hakuna aliyemsikia akikohoa. Alikuwa amekaa palepale juu ya robota lake.

“Tatu alizitoaje?” aliuliza.

“Nini?” Lukasi aligeuka.

“Mzee kasema ametoa kete tatu, na Fundi akatoa zake, na bado wakatoka sare. Mimi sijawahi kuona kitu kama hicho. Tuoneshe.”

“Kweli,” sauti nyingine ikasema karibu na mlango. “Hiyo mimi naitaka.” Na wale waliokuwa wametangulia nje wakasimama barazani, wakasikiliza, wakarudi. Hata Ezron alilirudia kreti lake na kukaa juu yake.

Lukasi akavitundika visoda vyote upya, kumi na viwili kwa kumi na viwili. Mikono ilijua kazi. Akaanza mwanzo. Mzee akapanda kushoto, Fundi akajibu, wakalana moja kwa moja, wakaziba, wakafungua. Hakutia madoido. Na jambo la ajabu, hakuna aliyepiga kelele. Watu walitazama kama wanaotazama jeraha likifunguliwa bandeji, na yeye mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ya pili, alikuwa akiutazama ubao na si mlango. Aliona jinsi kila kete ilivyokuwa imebeba nyingine mgongoni. Aliona kitu kikijengwa. Akafika kwenye kile kisoda cheusi, akakiweka, safari hii, kwenye msumari wake.

Hapo akasimama. Alingoja kidogo, kana kwamba mkono ungejua zaidi yake. Kisha akamgeukia Idrisa.

“Baada ya hapa sikuona, Fundi.”

Idrisa alisogea karibu, akainua kidole kuelekea kisoda chekundu. “Mzee, ulisogeza hii.”

“Hapana, ile ya pembeni. Hii ilikuja baadaye.”

Walijaribu ya pembeni. Walikwenda hatua nne, wakafika mahali ambapo kete tatu hazikuweza kutoka. Walirudi, wakajaribu ile nyingine, ikawapeleka kwingine kabisa. Idrisa alifumba macho, akavihesabu vidole, akafumbua. Watu walikuwa wakingoja. Alinanuswe alikuwa amesimama sasa. Walijaribu mara ya tatu, na mara ya nne Ambilikile akavirudisha visoda mikononi mwa Lukasi, bila hasira yoyote.

“Sikuushika kichwani, mwanangu,” alisema. “Nilijua upo ukutani.”